Makufuli Saba ya Mshikamano

Ilikuwepo nchi moja, jina lake liachwe, kwa kuwa hata raia wake walikuwa hawalitaji bila kwanza kutazama nani yuko mlangoni. Viongozi wake walikuwa hodari sana wa kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika. Katika nchi hiyo, juu ya mji mdogo wa Kwandege, palikuwa na bwawa, na bwawani walifanya kazi watu watatu.

Mwajabu Kitete alikuwa msoma kipimo cha maji. Mzee Masanyiwa, aliyebakiza miaka miwili astaafu, alikuwa mshika usukani wa mlango wa chuma. Pazi, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye vichekesho vingi na usingizi mwingi, alikuwa mpiga king'ora.

Siku za mvua kazi ilikwenda hivi. Mwajabu aliteremka ngazi za zege hadi kwenye kipimo, akasoma, akanyoosha vidole juu. Pazi alipoviona alipiga king'ora, ili wanaofua na wanaooga mtoni watoke. Mzee Masanyiwa akahesabu hadi mia tatu taratibu, kisha akazungusha usukani mizunguko sawasawa na vidole alivyoonyeshwa. Mlango ukainuka, maji yakapungua, nao wakarudi kwenye jiko la mkaa kumalizia chai. Kwa miaka kumi na moja hawakuwahi kufanya kikao hata kimoja. Na kwa miaka kumi na moja hakuna mtu wa Kwandege aliyechukuliwa na maji.

Hali hiyo, bila shaka, isingeweza kuachwa iendelee.

*

Mwaka huo Mheshimiwa Dakta Basili Mzuzuri alisafiri nchi za mbali kwa siku tisa. Huko alipelekwa kwenye kiwanda cha vifungo, akawaona wafanyakazi wakipiga makofi pamoja kabla ya kuanza kazi. Mheshimiwa alitokwa na machozi. Aliporudi aliteremka kwenye ndege akiwa anapiga makofi, na wote waliokuja kumpokea wakapiga pia, ingawa wao walikuwa wamezoea.

Ndani ya mwezi ikaundwa Wizara ya Ushirikiano Kazini, naye akawa waziri wake. Alipewa manaibu wawili. Manaibu hao walikuwa hawasalimiani tangu siku ya kugawana vyumba, na kwa kuwa vyumba vyao vilitenganishwa na pazia tu, waliandikiana barua, tarishi akawa anazipeleka kwa kuzunguka nje ya jengo.

Wizara ikaanza kwa kupima. Ilipeleka watu nchi nzima kuhesabu dakika ambazo kila mahali pa kazi hutumia kwenye vikao kwa juma. Shirika la Reli, ambalo halikuwa na treni kwa mwaka wa nne, lilishika nafasi ya kwanza kwa dakika elfu mbili na mia moja. Bwawa la Kwandege lilipata sifuri. Gazeti la serikali likaandika kwa herufi nene: BWAWA LISILO NA UMOJA.

"Wametuandika," alisema Pazi, akilikunja gazeti ili apepee jiko. "Tena ukurasa wa mbele."

"Watasahau," alisema Mzee Masanyiwa.

Hawakusahau.

*

Mwezeshaji aliyeletwa aliitwa Bwana Eliasafi Tunzo. Alikuja na tai, bango kitita, na kalamu za rangi nne. Aliwaweka watatu wale kwenye viti vilivyopangwa duara, ingawa watu watatu hawatoshi duara, akawatazama kwa huruma kama daktari aliyekwisha kuona majibu.

"Ninyi ni timu?" aliuliza.

"Sisi ni watatu," alijibu Mzee Masanyiwa.

"Sijauliza idadi, mzee. Nauliza kama ni timu."

"Tunafungua maji."

"Mnaona?" Bwana Tunzo aligeukia bango lake, akachora moyo mwekundu na kuupasua kwa mstari mweusi. "Mzee anaijua kazi yake. Lakini hajijui yeye ni nani kwa mwenzake."

Semina ilikuwa ya siku tatu. Siku ya kwanza waliangushana. Mtu alifumba macho, akajiachia kinyumenyume ili wenzake wamdake. Pazi alimdaka Mwajabu vizuri, na Mwajabu akamdaka Pazi kwa taabu. Ilipofika zamu ya Mzee Masanyiwa, Bwana Tunzo aliagiza wadakaji nao wafumbe macho, kwa kuwa imani ya kweli haichungulii. Mzee alianguka kwenye sakafu, akakaa chini kwa muda akikusanya pumzi. "Mmepiga hatua," Bwana Tunzo alisema, akaandika.

Siku ya pili waliambiwa kila mmoja aandike udhaifu wa wenzake. Mwajabu alirudisha karatasi tupu.

"Hujawa mkweli, dada yangu," alisema Bwana Tunzo.

Mwajabu aliandika kwamba Mzee Masanyiwa anapenda chai yenye sukari nyingi. Ikarudishwa. Aliandika kwamba Pazi anakoroma. Ikapokelewa, lakini ya mzee ikarudishwa tena. Ndipo Mwajabu akaandika jambo ambalo hakuliona kama udhaifu kabisa, jambo ambalo kwa kweli alikuwa akijivunia: "Mzee Masanyiwa sikio la kushoto halisikii. Ndiyo maana tunatumia vidole, na tangu tuanze kutumia vidole hatujakosea hata mara moja."

Siku ya tatu Bwana Tunzo alizisoma karatasi kwa sauti. Alisoma aliyoandika Pazi, kwamba Mwajabu hujiona bwawa ni lake. Alisoma aliyoandika Mzee Masanyiwa, kwamba Pazi husinzia kazini hadi atikiswe. Kisha akachukua karatasi ya Mwajabu, akasoma sentensi ya kwanza, akaikunja.

"Ipo na nyingine," alisema Mwajabu, akisimama.

"Muda wetu umekwisha," alisema Bwana Tunzo. "Kumbatianeni."

Mzee Masanyiwa alikuwa ameificha habari ya sikio lile kwa mwajiri miaka kumi na moja, na walioijua walikuwa wawili tu. Alichukua kikombe chake kwenye jiko, akakimwaga, akaenda nacho nyumbani.

*

Taarifa ya Bwana Tunzo ilikuwa na kurasa tisini. Ilisema kwamba chanzo cha maradhi ya bwawa ni mtu mmoja kuweza kuzungusha usukani wakati wowote maji yanapojaa. Ikapendekeza dawa.

Usukani ulikuwa na mikono saba. Kila mkono ukafungwa kwa kufuli nene kwenye pete iliyochomelewa kwenye nguzo ya chuma pembeni, na kila ufunguo ukakabidhiwa kwa mjumbe mmoja wa Kamati ya Mshikamano wa Bwawa, kamati ya watu saba ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona bwawa likiwa limejaa. Mwenyekiti alikuwa Bwana Tunzo mwenyewe. Mlango usingefunguka tena mpaka wote saba wakubaliane, waje pamoja, wafungue pamoja.

Mzee Masanyiwa, kwa ajili ya sikio lake, alivuliwa usukani na kufanywa Mlezi wa Bustani. Kazi yake ikawa kupanda nyasi mteremkoni na kuzikata ziandike neno UMOJA, lisomeke kutoka angani. Pazi akawa Afisa Mawasiliano Msaidizi, akakatazwa kugusa king'ora bila kibali, maana king'ora huleta taharuki. Mwajabu aliachiwa kipimo chake, ila sasa alisoma mara moja kwa siku, akajaza fomu nakala saba.

Mheshimiwa Waziri alikuja kuyazindua makufuli. Watu wa Kwandege waliletwa kwa malori kupiga makofi, na mama yake Mwajabu, Bi. Chausiku, alikuwemo, amekaa juani na kanga kichwani.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Mheshimiwa. "Zamani mkono mmoja ulizungusha usukani huu. Mkono mmoja! Je, huo si ubinafsi? Je, huo si udikteta?" Alitulia kidogo, maana neno hilo lilikuwa halijapata kutamkwa hadharani na mtu akabaki na cheo. "Leo hii mikono saba! Na nawaahidi, nikipata kipindi kingine, mikono kumi na minne!"

Makofi yalipigwa kwa dakika nne, zikaingizwa kwenye takwimu.

Bi. Chausiku alimvuta binti yake pembeni. "Mwanangu, hawa wenye funguo wanakaa wapi?"

"Mjini, mama."

"Mjini ni kilomita sitini."

"Ndiyo."

"Na maji yanakaa wapi?"

Mwajabu aligeuka kulitazama bwawa.

*

Mvua kubwa ilianguka Alhamisi, asubuhi, na kufika saa sita mchana ilikuwa haijapumua. Mwajabu aliteremka ngazi akakuta tano za chini zimezama. Ukuta wa bwawa ulikuwa wa udongo ulioshindiliwa. Maji yakipita juu yake ungeyeyuka kama sukari, na Kwandege, watu elfu nne pamoja na mama yake, ilikuwa chini ya ukuta huo.

Alipiga simu kwa Bwana Tunzo. Kwa bahati nzuri wajumbe wote saba walikuwa chumba kimoja, katika hoteli moja ya mjini, wakiadhimisha Wiki ya Mshikamano.

"Mwenyekiti, maji yamebakiza hatua tatu kufika ukingoni. Njooni na funguo."

"Bi. Mwajabu, hongera kwa kushirikisha wenzako. Umeandika?"

"Nikiandika itafika kesho!"

"Basi tutaipokea simu yako kama andiko la dharura. Subiri, naitisha kikao. Usikate, nakuweka kwenye spika ili nawe ujisikie umo."

Mwajabu akasimama kwenye mvua, simu sikioni. Alisikia viti vikivutwa. Alisikia akidi ikihesabiwa, watu saba, ikahesabiwa tena kwa kuwa mmoja alikuwa amekwenda msalani. Alisikia muhtasari wa kikao kilichopita ukisomwa wote. Mjumbe mmoja alidai hakusema "naunga mkono", bali alisema "naunga mkono kwa dhati". Walilijadili hilo kwa robo saa. Wakati huo maji yalipanda hatua moja.

"Mwenyekiti!" alipiga kelele. "Zimebaki mbili!"

"Mjumbe mwalikwa," sauti ya Bwana Tunzo ilijibu kwa upole, "hoja hupitia kwa mwenyekiti baada ya kunyoosha mkono."

"Mnanionaje nikinyoosha?"

"Hiyo ni hoja nzuri," alisema mjumbe mwingine. "Naomba iundiwe kamati ndogo."

Mwajabu aliitazama simu ile. Kwa mara ya kwanza katika wiki zote zile hakusikia hasira. Alichosikia kilikuwa baridi zaidi ya hasira, kama unavyomtazama mtu uliyemheshimu maisha yako yote ukagundua kwamba hakuna mtu pale, ni koti tu limetundikwa. Akaiacha simu juu ya ngazi ikiendelea kuzungumza, akapanda mteremko mbio.

Mzee Masanyiwa alikuwa kwenye bustani yake, koti la mvua limemganda, anatazama herufi ya O ikisombwa. Walikuwa hawajasemezana kwa wiki saba. Mwajabu alikwenda kusimama upande wake wa kulia.

"Mzee, maji."

"Kaandike kwenye fomu."

"Nimekukosea. Niliandika sentensi mbili, yule mtu akasoma moja."

Mzee aliinua uso. Mvua ilimtiririka puani. "Ya pili ilisemaje?"

"Kwamba tangu tuanze vidole hatujakosea hata mara moja."

Mzee Masanyiwa aliupachika mundu wake ardhini. "Wangapi sasa?" aliuliza.

"Vidole vyangu havitoshi."

Walimkuta Pazi mbele ya usukani, amelowa, ana msumeno wa chuma mkononi.

"Nimesimama hapa nusu saa nzima, dada," alisema. "Naogopa kuanza peke yangu."

"Piga king'ora kwanza," alisema Mwajabu. "Msumeno mpe mzee."

King'ora kililia, na Kwandege, iliyokuwa imeambiwa kwenye mikutano sita kwamba king'ora ni taharuki, iliacha kila kitu ikapanda kilimani. Huku juu walikata kwa zamu. Mmoja alisukuma msumeno, wa pili alilishika kufuli lisicheze, wa tatu alimwaga maji ya mvua kwenye meno ya msumeno yasipate moto. Hakuna aliyetoa amri. Mkono wa mmoja ulipochoka, mkono mwingine ulikuwa umekwisha kufika. Kufuli la nne lilimchana Pazi kidole, la sita lilivunja msumeno, wakamalizia la saba kwa kipande kilichobaki. Mzee Masanyiwa alishika usukani kwa mikono miwili, akamtazama Mwajabu. Mwajabu akanyoosha vidole kumi, akavifumba, akavinyoosha tena.

Mlango ulinyanyuka ukipiga kelele. Maji yalitoka kwa ghadhabu, yakafagia mashamba ya mpunga ya bondeni na jukwaa ambalo Mheshimiwa alihutubia juu yake. Lakini ukuta ulisimama. Kilimani watu walihesabiana mtaa kwa mtaa, na hesabu ikatimia.

Mzee Masanyiwa alikaa chini ukutani, akafunga macho. "Kuna chai?" aliuliza. Hakukuwa na mkaa mkavu, lakini wote watatu walicheka.

*

Saa kumi na moja jioni Kamati iliwasili na funguo zote saba katika gari moja, jambo ambalo Wizara baadaye ililisifu sana kama matumizi bora ya gari. Azimio lilikuwa limepita bila kupingwa. Walipoyakuta makufuli chini, yamekatwa, walishauriana kidogo. Kisha kila mjumbe aliokota kufuli lake, akaingiza ufunguo, akalifungua, na mpiga picha akapiga. Kesho yake gazeti liliandika: MIKONO SABA YAIOKOA KWANDEGE. Bwana Tunzo alipandishwa cheo.

Ila makufuli yaliyokatwa yalikuwa mali ya umma, kwa hiyo ikaundwa tume, na Mheshimiwa Waziri akaiongoza mwenyewe. Watatu wale waliwekwa vyumba vitatu kuanzia siku ileile ya Alhamisi, wasionane.

Pazi aliitwa wa kwanza.

"Kijana," alisema Mheshimiwa, "serikali ina huruma. Ushirikiano usio na kibali ni njama, na njama ina mkuu wake. Mtaje, kesho urudi kazini."

"Hakuna mkuu, Mheshimiwa. Nilikata yote saba peke yangu."

Mheshimiwa alifurahi, akaandika. Akaitwa Mzee Masanyiwa, akaambiwa yaleyale, kwa upande wa kushoto, akaomba arudiwe kwa upande wa kulia.

"Nimesikia sasa," alisema. "Nilikata yote saba. Hao wawili walikuwa wamelala."

Mwajabu aliletwa mwisho. Hakujua wenzake wamesema nini. Alijua tu kwamba mzee amebakiza miaka miwili, na kwamba Pazi ana watoto watatu.

"Bi. Mwajabu, taja jina moja tu."

"Mwajabu Kitete," alisema. "Nilikata yote saba peke yangu, Mheshimiwa. Na ningekata manane kama lingekuwepo la nane."

Tume ilikaa siku kumi na mbili. Ushahidi haukuwa na utata. Mashahidi watatu, kila mmoja kwa kiapo, alisema amekata makufuli saba, na saba mara tatu ni ishirini na moja. Kwa kuwa yaliyookotwa yalikuwa saba tu, tume ilitamka kwamba makufuli kumi na manne yamepotea, ikamsimamisha kazi mtunza ghala. Kuhusu washtakiwa ilitamka kwamba, kwa kuwa kila mmoja alikiri kufanya kazi peke yake, ni dhahiri hawana roho ya timu wala hawawezi kufundishika. Wakafukuzwa wote watatu. Mwishowe, ili balaa lisijirudie, tume ikaagiza usukani ufungwe upya kwa makufuli ishirini na moja, na Kamati iongezwe wajumbe kumi na wanne. Mheshimiwa alisema ametimiza ahadi kabla ya wakati wake.

*

Habari ya makufuli ishirini na moja ilitangazwa redioni Jumatatu, saa saba mchana. Mwajabu alikuwa nyumbani kwa mama yake akipepeta mchele. Bi. Chausiku alisikiliza hadi mwisho, akaizima redio. Akaingia ndani, akatoka na nyundo, akapanda juu ya kigoda na kuanza kung'oa misumari ya paa lake mwenyewe.

"Mama, unafanya nini?"

"Nahamia kilimani. Shika huku."

Jirani wa kulia alisikia nyundo, akatoka, akatazama juu kuelekea bwawani. Hakuuliza. Alirudi kuchukua nyundo yake. Ilipofika alasiri mtaa mzima ulikuwa unagonga, na jioni ile mabati ya kwanza yalianza kupanda, moja kwa watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Mwenye mkokoteni alibeba milango ya asiye nao. Fundi aliyekuwa na kamba alipima viwanja kwa macho, kila mtu akakubali alipoonyeshwa. Mzee Masanyiwa alikuja na mundu kufyeka, na Pazi, kidole kimefungwa kitambaa, akawa anapokea mizigo kule juu. Kwa siku tisa Kwandege yote ilihama, na hakuna mtu aliyepiga makofi.

Siku ya kumi Wizara ilimtuma mtu kupima. Alisimama mahali palipokuwa mji, kati ya misingi mitupu, na daftari lake mkononi. Akamsimamisha Bi. Chausiku, aliyekuwa amerudi kuchukua mafiga yake.

"Mama, kazi hii yote imeratibiwa na kamati gani?"

"Hakuna."

"Vikao mlifanya vingapi?"

"Hakuna, mwanangu."

Yule mtu alitikisa kichwa kwa masikitiko, akaandika sifuri, akaipigia mistari miwili. Alikuwa bado anaandika Bi. Chausiku alipojitwika mafiga na kumpita, akipanda mlima bila kugeuka.